Pete ya Ruta Yenye Umbo la Yai

4 Februari

Sisimizi wangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma. Marahaba. Hapa nyumbani wote wazima isipokuwa saa ya ukutani, ambayo imekufa, na bibi yako anaisikitikia kuliko atakavyonisikitikia mimi. Mama yako alipita juzi, akala, akasifu, akaondoka na sufuria.

Habari kubwa ni hii: nimeifunga ruta yangu kwenye ile mashine kubwa ya kuchongea mbao. Imekaa pale juu kama mgeni rasmi jukwaani. Naiwasha, inanguruma, mbao inapita chini yake na kutoka na mfereji ulionyooka mpaka unaona aibu kuukanyaga kwa macho. Majirani wamekuja kutazama. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara amevua kofia.

Haya. Hakuna aliyevua kofia. Ruta iko hapa mezani karibu na kiwiko changu, na mashine kubwa iko kwenye kona yake imefunikwa gunia. Lakini maneno yalikuwa matamu, nikaona nisiyapoteze.

Ukweli ni huu. Mota ya mashine kubwa iliungua mwaka jana. Ilitoa moshi, ikatoa harufu ya samaki, ikanyamaza, na mota ya aina ile haitengenezwi tena popote. Lakini meza yake bado nzima. Ukizungusha lile gurudumu, meza inatembea mbele na nyuma bila kuyumba, unasikia mafuta tu. Kilichokufa ni kichwa. Na mimi nina ruta, ile mashine ndogo ya mkono ya kuchimbia mifereji, ambayo wewe ulikuwa unaiita nyuki. Nataka kumng'oa marehemu na kumfunga nyuki mahali pake.

Haraka inatoka kwa mjomba wako. Ameshapata mnunuzi wa chuma chakavu, na banda langu anataka liwe la kuwekea makreti ya soda. Aliniambia kwa adabu, maana amesoma: "Baba, pumzika sasa." Nikamjibu nitapumzika nikifa, na hata siku hiyo nitachungulia kuona jeneza mmelipigaje misumari. Tumekubaliana hivi. Mvua zikiisha na mashine haijakata mbao mbele ya macho yake, inaondoka, na ufunguo wa banda namkabidhi. Ikikata, neno kupumzika halitaji tena mpaka azeeke yeye.

Sasa ruta haina pa kushikiwa. Inahitaji pete ya chuma, nene, ya kuibana kiunoni, yenye masikio mawili mbele ya kukazia bolti, na mguu nyuma wa kuifunga kwenye kichwa cha mashine. Ya mbao haifai, itatikisika na kupasuka. Na mtu wa vyuma katika ukoo huu ni wewe. Mtaa mzima nimeshawaambia mjukuu wangu anaendesha mashine za kukata chuma kwenye karakana kubwa huko aliko.

Tena una deni langu, deni la uongo mmoja. Ulipokuwa huna meno ya mbele ulikata mguu wa kigoda cha bibi yako ili kisiyumbe. Kikayumba upande wa pili. Ukakata mwingine, na mwingine, mpaka kigoda kikawa sahani. Nani alisema ni mchwa? Mimi. Bibi yako hadi leo anamwaga mafuta ya taa kwenye pembe ile. Sidai. Nakumbusha tu.

Usinipigie simu. Simu humu ndani inasikilizwa na wote. Barua naisoma peke yangu, nikiwa chooni.

Babu yako,
Maranda


27 Februari

Shikamoo Babu,

Shikamoo na Bibi, na poleni kwa msiba wa saa. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ni ukuta mzuri. Kazi inaendelea. Mashine ni kubwa, kelele ni nyingi, nimeshazoea.

Pete itawezekana. Hapa kuna mashine zinazokula chuma kama wewe unavyokula muhogo wa kuchemsha. Nipe vipimo. Kiuno cha ruta kina upana gani, kwa milimita, Babu. Usiniandikie "kama kopo la maziwa lakini limezidi kidogo".

Halafu nina maswali mawili. La kwanza, mwandiko wako umepatwa na nini? Herufi zinaparamiana kama watu wanaogombea kivuli. La pili, miaka yote hiyo ruta umeishika kwa mkono. Milango ya nusu ya mji ule ina maua uliyochora nayo hivyo hivyo, umeiegemea, redio inaimba. Kwa nini sasa ni lazima ifungwe?

Nakubusu mikono,
Sisimizi


15 Machi

Sisimizi,

Marahaba tena na tena. Bibi yako ameweka saa mfu palepale ukutani, anasema angalau mara mbili kwa siku inasema kweli, tofauti na mimi.

Milimita na macho yangu hatusalimiani siku hizi. Kwa hiyo kwenye kifurushi hiki nakutumia sampuli, pete nzima ya mbao, na masikio yake na mguu wake. Nimeichimba kwa patasi mpaka ruta ikaingia kama mguu kwenye soksi, haichezi hata kidogo. Wewe tengeneza ya chuma iwe hiyo hiyo. Unakumbuka nilivyokufundisha: ukipewa sampuli, akili weka mfukoni, mkono ufuate. Fundi anayesahihisha sampuli ya mteja huishia kutengeneza kitu kizuri sana ambacho hakuna aliyekiagiza.

Kuhusu mwandiko, kalamu ni ya mjomba wako, ya bure kutoka ofisini. Haijazoea kuandika kitu cha maana.

Swali lako la pili sikuliona. Lilikuwa karibu mno na ukingo wa karatasi.

Kifurushi anakileta dereva wa lori la saruji. Mchangamkie, ni mtu mwema, ila usimkopeshe kitabu.

Maranda


24 Aprili

Shikamoo Babu,

Samahani nimechelewa. Kazi zilikuwa nyingi. Dereva nilimpa chai, na kitabu akaniomba kweli.

Pete ni hiyo hapo. Nimeitoa kwenye alumini nene iliyobaki hapa karakana. Mashine yetu imeichonga mara moja tu, muda wa kunywa kikombe cha chai.

Sampuli yako ilinisumbua kidogo. Si duara. Upande mmoja ni mpana, mwingine umebana, kama yai. Nikakaa nayo nikijiuliza. Kisha nikakumbuka siku nyuki alipoanguka kutoka kwenye ngazi, nikasema labda mbavu ziliingia ndani, na Babu kama kawaida hakutaka kusema. Mkono ukafuata. Yai lako nimelitoa vilevile, huwezi kulitofautisha na la kuku.

Mama ananiambia mjomba ameshaleta makreti bandani. Ni kweli?

Sisimizi


6 Mei

Sisimizi,

Marahaba. Bibi yako anakohoa, lakini anakohoa kwa hasira, kwa hiyo sina wasiwasi.

Ruta imekataa kuingia. Nilisukuma, nikaibembeleza, nikaipaka sabuni. Halafu nikaanza kukutukana wewe. Nilikutukana kwa ufundi mkubwa, mpaka kuku wa jirani wakahama uwanja. Nilipoishiwa maneno nikaketi, na macho yakaangukia kipande kilichobaki cha ile ile mbao niliyochongea sampuli. Kimejipinda kama jani la tumbaku, kimepasuka kichwani.

Mbao ilikuwa mbichi, mjukuu wangu. Ilipotoka hapa pete ilikuwa duara. Ikakauka huko njiani na huko kwenu, na mbao ikikauka hunywea upande mmoja, wa kukata nyuzi, wakati urefu wa nyuzi unabaki vilevile. Hilo hata mbuzi aliyefungwa mlangoni kwa seremala analijua. Nilituma duara, ukapokea yai, ukalitii yai. Ujinga ni wangu, utii ni wako, na wote wawili nimeulea mimi.

Lakini kuna jingine. Nimeipeleka hiyo pete dirishani nikaigeuza kwenye mwanga. Sisimizi, hakuna mashine iliyoigusa ndani. Mashine huacha mistari inayofanana, kama kichana. Hapa kuna alama za tupa ya kukwangulia chuma, za mkono wa mtu, zinabadilisha njia kila bega lilipochoka. Umechimba alumini nene kama kiganja kwa tupa, ukifuata kona zote za yai langu la uongo. Nilimwonyesha fundi cherehani. Akaipitisha kidole, akasema, "Aliyefanya hii ana moyo wa punda." Nikamwambia asante, ni wa kwetu.

Sasa mtu mwenye mashine anaachaje mashine na kushika tupa? Siulizi. Nimeona tu.

Makreti ni ya kweli. Yamefika nusu ya dirisha. Na mvua sasa zinanyesha kwa kusitasita, kama mgeni anayetafuta viatu vyake aondoke.

Babu yako


17 Mei

Shikamoo Babu,

Leo salamu ni fupi, kwa sababu nimekasirika na nimecheka, na sijui kipi kilitangulia.

Haya, nakwambia. Mimi nipo stoo. Nakaa kwenye kidirisha, natoa spana, napokea spana. Tangu nimefika hapa sijaruhusiwa kugusa mashine hata moja, labda kuifuta. Nilipoomba nichonge pete ya babu yangu, msimamizi alicheka, akasema mashine si za kuchezea. Nikamwomba basi tupa. Tupa ni yangu kuigawa, hakuweza kukataa. Kila muda wa chakula nilikuwa kwenye jiriwa, pete imebanwa, mimi na yai. Mafundi walikuwa wanapita na sahani zao: "Mama Yai, kuku anaangua lini?" Siku nilipomaliza, msimamizi akaichukua, akaweka sampuli yako juu yake, akapitisha ukucha ndani pale zinapokutana. Haukukwama popote. Juma lililofuata akaniambia nisimame naye kwenye mashine ya kutoboa, nitazame mikono yake. Sasa natazama. Jana aliniachia nitoboe tundu moja.

Sikutaka kukuambia kwa sababu ulishautangazia mtaa mzima.

Sasa ni zamu yako. Babu, wewe hugusi mbao mbichi. Hata kijiti cha kunitishia ulikuwa unakianika kwanza. Mtu kama wewe akichagua mbao mbichi, sababu ni moja: ni laini, patasi inaingia bila nguvu. Ni mkono. Ndiyo maana herufi zinaparamiana, na ndiyo maana nyuki anatakiwa afungwe. Mjomba simwambii, lakini mimi usinifiche.

Pete usiitupe. Pale ilipobana, ipunguze kwa tupa, kidogo kidogo, ukijaribu ruta kila mara. Sampuli yako haikuwa na mwanya kati ya masikio, kwa hiyo nami sikuuweka. Ukate sasa kwa msumeno wa chuma, ili ukikaza bolti pete ijifunge yenyewe. Ikishakaa juu, usikimbilie kufunga kisu. Mahali pa kisu funga kwanza waya uliopinda, uzungushe kwa mkono. Ncha yake iguse meza sawasawa mbele, nyuma, kulia na kushoto. Ikigusa huku na kuachia kule, ruta imeinama. Weka kipande cha bati la kopo chini ya mguu wa pete mpaka inyooke.

Na uniandikie. Hata herufi zikiparamiana, nitazitenganisha.

Sisimizi


12 Juni

Mama Yai, jina hili nalichukua,

Marahaba. Nilimsomea fundi cherehani ile sehemu ya ukucha, akataka nimsomee tena, na safari hii akavua kofia. Hiyo ni kweli, muulize. Na mtaani nimerekebisha habari zako: nawaambia mjukuu wangu yuko stoo, na vifaa vyote vya karakana lazima vipite mikononi mwake. Wanaogopa zaidi.

Mkono unatetemeka. Haya, nimeandika, wino umekauka, tusirudie. Ulianza kama mtu anayebisha hodi taratibu, nikadhani ni baridi. Mara ya mwisho nilipoishika ruta iliruka ikala ukingo wa mlango wa mteja, nikamwambia ni ua la aina mpya.

Ila ngoja nikupe siri ya ufundi. Mkono unaotetemeka na tupa ni marafiki wakubwa. Watu wengine wanahangaika kusukuma; mimi nilikuwa naishika tu, inajiendea yenyewe. Nimekula pande zilizobana mpaka ruta ikaingia. Nimekata mwanya. Bolti ikakaza, pete ikamkumbatia nyuki kama mama mkwe aliyeletewa zawadi. Sasa ukichungulia ndani unaona alama zako zimenyooka, halafu zinakuja zangu zina mawimbi, na mahali fulani zinakutana. Ningeweza kupiga msasa pakang'aa. Sikupiga.

Ule waya wako ulinitia adabu. Ulikwaruza meza mbele, nyuma ukaelea. Nikaweka kipande cha kopo la kakao la bibi yako chini ya mguu, bado. Nikaongeza cha pili, ukagusa kotekote kwa sauti moja. Nilikaa nauzungusha huo waya bila sababu, nausikiliza tu.

Mjomba wako alikuja asubuhi na mnunuzi wa chuma chakavu, tai shingoni, na mnunuzi ana kamba begani kabisa. Jua lilikuwa kali, mvua hata kwa dawa. "Baba," akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana mbele ya macho yako," nikamwambia. "Yafungue."

Nikaiweka mbao mezani, nikaibana, nikawasha. Kisha nikashika gurudumu. Sasa hapo, mjukuu wangu, hakuna pa kuuficha mkono. Ulitetemeka juu ya lile gurudumu wazi wazi, na mjomba wako aliuona, maana alikunja uso kama alivyokuwa akikunja akiwa mdogo akitaka kulia. Lakini meza haikujali. Meza hujua njia moja tu. Nyuki akaingia, maranda yakaruka, nikazungusha mpaka mwisho wa mbao, nikazima.

Mjomba wako alisogea akaweka kidole gumba mwanzoni mwa mfereji, akakitembeza mpaka mwisho. Akautazama mkono wangu. Akarudisha kidole mwanzoni, akakitembeza tena. Halafu akamgeukia mwenye kamba: "Samahani kwa usumbufu, mzee."

Yule mnunuzi hakuondoka mara moja. Yeye chuma anakijua. Alikuwa ameinama anaikagua pete. "Hii imechongwa wapi?"

"Haikuchongwa. Mjukuu wangu, kwa tupa."

"Haiwezekani."

"Ndiyo," nikasema, "haiwezekani. Lakini ndiyo hiyo umeishika."

Makreti mjomba wako aliyatoa mwenyewe, moja moja, tai imetupwa mgongoni. Akauliza kama sitamsaidia. Nikamwambia mimi napumzika.

Sasa tuje kwenye lile deni.

Siku ile ya kuonyesha sikuwa na mbao. Uwanjani zilikuwepo mbichi tu, na mbichi nimeapa sizigusi tena, zimeshanifundisha. Nilitaka mbao kavu, pana, iliyotulia, isiyonywea wala kupinda hata dunia ikigeuka. Nyumba hii nzima ina mbao moja ya namna hiyo. Ni mlango wa kabati la bibi yako, wa mninga, niliomtengenezea tulipooana. Yeye yuko kwa dada yake, amekwenda kukohoa huko, anarudi mwisho wa mwezi. Mlango nimeshaurudisha mahali pake. Umekaa vizuri. Una mfereji katikati kutoka juu hadi chini, mzuri kupita kiasi, ila mwenyewe hakuuagiza.

Mwandikie bibi yako barua, nayo ifike kabla yake. Sema ni wewe uliyeniomba, sema huko mliko makabati yote ya watu wa heshima siku hizi yana mfereji. Wewe anakuamini. Useme lolote, isipokuwa mchwa. Mchwa tulishawatumia, na hakuna mchwa duniani anayekula kwa mstari ulionyooka namna hii.

Babu yako,
Maranda